Opeth: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Mashabiki wa Nairobi

Kila anayejiunga nasi Jumamosi kusikiliza metali, yaani roki nzito, huja na maswali yale yale kuhusu Opeth, na kikao huishia kwa kelele. Nimeyakusanya hapa ili kelele zipungue. Pale ambapo wengi wetu tunakubaliana nimesema hivyo. Pale tulipogawanyika nimeegemea upande wangu bila haya, na asiyeridhika aje tubishane ana kwa ana.

Opeth ni akina nani?

Ni bendi ya Stockholm, Uswidi, iliyoanzishwa mwaka 1990 na David Isberg. Isberg aliondoka 1992, na tangu hapo bendi ni ya Mikael Åkerfeldt: yeye ndiye anayeimba, anayepiga gitaa na kutunga karibu kila kitu. Wametoa albamu 14 za studio, ya kwanza ikiwa Orchid ya 1995 na ya karibuni The Last Will and Testament ya Novemba 2024. Wimbo wa dakika kumi kwao ni jambo la kawaida. Ndani ya wimbo huo mmoja utakutana na ngurumo za dethi metali, yaani uimbaji wa sauti nzito ya kukoroma, gitaa kavu linalopigwa polepole, kinanda, kisha ngurumo tena. Wachezaji wamebadilika mara nyingi, isipokuwa mpiga besi Martín Méndez, mwenye asili ya Uruguay, ambaye amekuwa na Åkerfeldt tangu 1997.

Jina hilo lina maana gani?

Lilitoka kwenye riwaya ya Wilbur Smith, The Sunbird, ambamo Opet ni mji wa kubuni uliopotea kusini mwa Afrika. Smith mwenyewe alizaliwa katika nchi ambayo leo ni Zambia, na vitabu vyake bado utavikuta vimetandazwa na wauza vitabu vya mitumba katikati ya jiji. Kwa hiyo ukiambiwa na mjomba wako kwamba huu muziki hauhusiani hata kidogo na bara letu, mpe habari hiyo. Si hoja nzito, lakini inampa mtu kazi ya kufikiri kwa dakika mbili.

Mimi ni mgeni kabisa. Nianze na albamu gani?

Ukiuliza watu kumi wetu, wengi watakujibu Blackwater Park kabla hujamaliza swali. Mimi nitakuuliza kwanza: umetokea wapi?

Kama ulilelewa na roki ya redioni, enzi za X FM, ukapenda gitaa lakini sauti za kunguruma zinakukera, chukua Damnation. Haina ngurumo hata moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wimbo wa kwanza, Windowpane, umewaleta kwetu watu ambao hawakuwahi kufikiri wangekaa chumba kimoja na mashabiki wa metali.

Kama tayari unasikiliza metali, anza na Ghost Reveries ya 2005. Wimbo wa kwanza unafunguka kwa sekunde chache za gitaa la upole, halafu ngurumo inakushukia bila hodi. Baada ya hapo utajua kama wewe ni wetu au si wetu.

Na kama umelelewa na rumba, usiogope urefu wa nyimbo. Mtu aliyezoea Franco na TPOK Jazz, au Les Mangelepa waliopiga miaka mingi hapa hapa Nairobi, anajua tayari kwamba wimbo unaweza kuanza kwa utaratibu, ukakaa hapo ukisimulia, kisha ukageuka sebene na kuwa kitu kingine kabisa. Tofauti ni kwamba kwa Opeth mgeuko huo unaweza kutokea mara tano katika wimbo mmoja, na hakuna anayekuonya.

Usianze na Orchid. Usianze na Heritage pia, hata kama naipenda, kwa sababu nitakazozieleza.

Kwa nini Blackwater Park inasifiwa hivyo?

Ilitoka Machi 2001, na ndiyo albamu ya kwanza ambayo Steven Wilson wa Porcupine Tree, bendi ya Uingereza, alikaa nao studio kama mtayarishaji. Alichokifanya kinasikika zaidi kwenye sauti. Åkerfeldt alikuwa akiimba kwa sauti safi tangu zamani, lakini hapa sauti hizo zimepangwa kwa tabaka, moja juu ya nyingine, na nyuma yake kuna piano na milio midogo ambayo huisikii mpaka usikilize usiku nyumba ikiwa imetulia. Weka The Drapery Falls. Utasikia gitaa linavyolia mwanzoni kabla ya sauti kuingia, na wimbo unavyochukua muda wake bila kuomba radhi.

Halafu kuna Harvest, wimbo wa gitaa kavu, ambao hata wapinzani wakubwa wa metali katika familia zetu wamewahi kuuliza ni wa nani.

Ni albamu kubwa, sina neno. Ila ninaamini nusu ya sifa zake zinatokana na kwamba ndiyo iliyowatangaza Uingereza na Marekani, na wengi waliisikia kwanza kabla ya zilizoitangulia. Ukipenda mtu wa kwanza aliyekusalimia mtaani, hilo halimfanyi kuwa bora kuliko jirani zake.

Basi wewe unaonaje? Bora ni ipi?

Still Life, ya 1999. Hapa tuko wachache lakini hatutikisiki.

Ni hadithi moja inayopita albamu nzima: mtu aliyefukuzwa kijijini kwao kwa kukosa imani anarudi baada ya miaka kumtafuta Melinda, mwanamke aliyemwacha nyuma. Kijiji hakijasahau, na mambo yanaishia pabaya. Sababu ya kuipenda ni kwamba kelele na utulivu vinafuata hadithi. Katika Face of Melinda, tunapokutana na mwanamke mwenyewe, gitaa linanong'ona, ngoma zinaguswa tu, na Åkerfeldt anaimba kama mtu anayeogopa kusikika na majirani. Hasira inapoingia mwishoni mwa wimbo unajua imetoka wapi. Kwenye Blackwater Park mabadiliko kama hayo ni mazuri, lakini mengine yapo kwa sababu tu ni mazuri.

Upande wa pili unasema Still Life imerekodiwa kwa ubora mdogo kuliko albamu iliyoifuata. Hilo ni kweli, na mimi halinipunguzii kitu.

Siwezi kuvumilia kunguruma. Je, nitakuwa shabiki wa kweli?

Ndiyo. Na tafadhali, anayekuambia vinginevyo kikaoni mlete kwangu.

Ila fahamu unachokikosa. Ngurumo za Åkerfeldt zilisifiwa na watu wa dethi metali wenyewe, kwa kuwa ni nzito na maneno yake hayapotei ovyo. Lakini nguvu yake halisi ni kwamba mtu huyo huyo, dakika moja baadaye, anaimba kwa sauti laini ambayo unaweza kuipiga harusini. Ukisikiliza bendi ambayo inanguruma saa nzima, sikio linazoea na kitisho kinakwisha. Opeth hawakupi nafasi ya kuzoea. Ndiyo maana binafsi ugomvi wa kunguruma au kutokunguruma naona umekaa vibaya. Swali la kuuliza kuhusu albamu yao yoyote ni kama pande mbili za muziki zinasukumana. Zikisukumana, albamu ni nzuri, iwe na ngurumo au isiwe nazo.

Deliverance na Damnation: kwa nini watu huzitaja pamoja kama pacha?

Kwa sababu zilirekodiwa kipindi kimoja, mwaka 2002. Wazo lilikuwa kuzitenganisha zile pande mbili: nzito yote iende Deliverance, iliyotoka Novemba 2002, na tulivu yote iende Damnation, iliyotoka Aprili 2003. Wilson alikuwa studio nao tena. Kilikuwa kipindi kigumu. Nyanya yake Åkerfeldt alifariki katika ajali ya gari siku hizo za kurekodi, na albamu zote mbili zimetolewa kwa kumbukumbu yake.

Wengi wetu tunaona Damnation ndiyo iliyofaulu. Haikuzidiwa na upole wake. Melotroni, kile kinanda cha zamani kinachotoa sauti kama ya ala za nyuzi zilizolowa, kimeenea kila mahali, na nyimbo ni fupi kwa viwango vyao.

Deliverance ina matatizo, hasa wimbo wa mwisho, ambao sijamsikia mtu yeyote hapa akiutetea kwa moyo wote. Lakini wimbo unaobeba jina la albamu unalipa kila kitu. Subiri dakika zake za mwisho. Maneno yamekwisha. Gitaa, besi na ngoma vinashikana kwenye pigo moja lililokatika-katika, na pigo hilo linarudiwa, linarudiwa tena, halikimbii, halipungui. Mguu wa mpiga ngoma Martín López kwenye ngoma kubwa unafuata kila mkato wa gitaa. Unaanza kuhesabu, unapotea, unaanza upya. Tulipoupiga kwenye spika kubwa kule mtaa wa Umoja, jirani wa ghorofa ya chini alipanda kugonga mlango, akasimama hapo kidogo, kisha akauliza kama mashine imekwama.

Ugomvi wa Heritage ulihusu nini hasa?

Septemba 2011 walitoa albamu ya kumi bila ngurumo hata moja. Si hilo tu. Makali ya gitaa yalipunguzwa, vinanda vikapanda mbele, na mpangilio mzima ukarudi kwenye roki ya miaka ya 1970. Watu waliokuwa wamesubiri tangu Watershed ya 2008 waliona wamesalitiwa. Hapa kwetu kuna jamaa ambao hawajaisikiliza tena tangu mwaka huo.

Usaliti siuoni. Mtu aliyesikiliza vizuri angejua njia ilikuwa inaelekea huko. Mwaka 1996, kwenye Morningrise, wimbo wa mwisho tayari haukuwa na ngurumo. Damnation ilikuwa albamu nzima ya namna hiyo. Kwenye Watershed wimbo wa kwanza, Coil, ni wa gitaa kavu na sauti ya mwanamke. Åkerfeldt ni mkusanyaji mkubwa wa santuri za roki ya zamani, na hakuwahi kulificha hilo.

Lawama ya haki dhidi ya Heritage ni nyingine: vipande havishikani. Famine ina mawazo matatu mazuri ambayo hayajuani. Unapata ukimya mrefu, kisha filimbi, kisha rifu nzito, yaani kipande cha gitaa kinachorudiwa, na hakuna kilichokupeleka kutoka hapa hadi pale. Lakini dakika za mwisho za Folklore ni miongoni mwa vitu vyao vya kupendeza, na Slither, waliyoitunga kumuenzi mwimbaji wa metali Ronnie James Dio aliyefariki 2010, ni wimbo wa kuendesha gari usiku barabara ikiwa wazi, kama utabahatika kuipata Nairobi barabara iliyo wazi.

Jambo la jalada, kwa kuwa huulizwa kila mara: ndiyo, nyuso zilizoning'inia mtini ni za wanabendi, na ule unaoanguka ni wa Per Wiberg, mpiga kinanda, aliyekuwa anaondoka.

Albamu zilizofuata Heritage zinafaa kusikilizwa?

Pale Communion ya 2014, ndiyo, sana. Waliirekodi Rockfield, studio maarufu ya Wales, na ndiyo inayowapatanisha watu kikaoni. Haina ngurumo lakini nyimbo zinashikana, na ala za nyuzi kwenye Faith in Others zimewatoa machozi watu wazima ambao majina yao nitayahifadhi. Wanaochukia kipindi hiki wakikubali kusikiliza albamu moja tu, huwa ni hii.

Sorceress ya 2016: nyimbo mbili tatu. Endelea.

In Cauda Venenum nisikilize kwa Kiswidi au kwa Kiingereza?

Ilitoka Septemba 2019 kwa lugha zote mbili, muziki ule ule. Karibu sote tunachagua Kiswidi. Åkerfeldt alitunga maneno kwa lugha hiyo kwanza, na silabi zinakaa kwenye mdundo bila kulazimishwa. Kwenye toleo la Kiingereza kuna mahali unasikia sentensi inajibana ili iingie. Hoja kwamba hutaelewa maneno haina mashiko mjini humu. Tumeimba Kilingala miaka yote hii bila kudai kamusi.

The Last Will and Testament: je, kweli wamerudi?

Ngurumo zimerudi, kwa mara ya kwanza kwenye albamu ya studio tangu 2008. Wimbo wa kwanza ulipotolewa mwaka 2024 simu yangu haikunyamaza.

Lakini sikubali kusema wamerudi, kwa maana ya kurudi nyuma. Hii ni hadithi ya wosia. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, tajiri mkali amekufa, watoto wake watatu wameketi, na wosia unasomwa kipengele kwa kipengele huku siri za nyumba zikifichuka. Nyimbo saba hazina majina, zina namba za vipengele tu kama kwenye hati ya wakili, na wa nane pekee ndio wenye jina. Ian Anderson wa Jethro Tull, bendi ya roki ya Uingereza, anapiga filimbi na kusimulia. Kwenye ngoma yuko Waltteri Väyrynen wa Ufini, na hii ndiyo albamu yake ya kwanza nao.

Nchini humu, ambako familia zinaweza kugombania shamba mahakamani mpaka wajukuu wakaoa, hadithi hiyo haihitaji maelezo. Dada mmoja wa kikao chetu ambaye ni wakili aliisikiliza yote kwa utulivu, kisha akasema kesi za namna hii anazo mezani, zinakosa filimbi tu.

Malalamiko yapo. Wengine wanasema ina mambo mengi kwa muda mfupi na nyimbo hazipumui. Kuna ukweli ndani yake. Uipe muda kabla ya kuipangia nafasi.

Mpiga ngoma bora wa Opeth ni yupi?

Martín López, aliyepiga kuanzia My Arms, Your Hearse hadi Ghost Reveries. Martin Axenrot aliyemfuata ana nguvu na kasi, lakini López alikuwa na bembea mkononi, na hiyo haifundishwi. Väyrynen ninamfuatilia kwa hamu.

Mama anasema ni muziki wa kishetani. Nimjibu nini?

Usimjibu kwa dharau, kwanza. Wazazi wetu waliishi wakati ambapo jambo hili lilikuwa suala la serikali: mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume nzima ya kuchunguza ibada za shetani nchini. Hofu hiyo haikutoka hewani, ilitangazwa na wakubwa.

Kisha mwambie ukweli. Maneno ya Opeth yana vifo, mizimu na dhambi kwa wingi, na Ghost Reveries hasa imejaa lugha ya mapepo. Ni hadithi, kama zile za majini tulizotishiwa nazo utotoni. Hawaombi mtu amwabudu yeyote. Mpigie Harvest au Windowpane, punguza sauti, usimwambie ni bendi gani. Jalada la Ghost Reveries liweke mbali naye.

Nisikilizeje mjini humu kwenye kelele zote hizi?

Matatu isahau. Ile yenye spika zake itakushinda nguvu, na hata isiyo na spika itameza sehemu zote za utulivu, ubaki na ngurumo tu, yaani nusu ya bendi. Ukiwa kwenye foleni ya Thika Road na spika nzuri za masikioni, Deliverance itapita. Still Life haitapita.

Spotify ipo Kenya tangu 2021 na albamu zao zinapatikana humo. Zipakue nyumbani kuliko kumaliza bando njiani. Kitu kimoja nakusihi: zima ule mpangilio wa kuchanganya nyimbo. Kwenye My Arms, Your Hearse ya 1998, neno la mwisho la maneno ya kila wimbo ndilo jina la wimbo unaofuata. Ukizichanganya umekata mnyororo ambao mtu aliufua kwa mkono.

Wanaopenda santuri waende Kenyatta Market. Opeth utaikosa mara nyingi, ila hutatoka mikono mitupu.

Mwishoni mwa Burden, wimbo wa Watershed, gitaa linaharibika. Faili yangu ni mbovu?

Faili ni nzima. Åkerfeldt anapiga, na mpiga gitaa mwenzake, Fredrik Åkesson, anazilegeza nyuzi za gitaa hilo hilo wakati likipigwa, mpaka sauti inateguka yote. Walifanya makusudi, na mwisho unasikia kicheko.

Kuna bendi ya Nairobi inayopiga hivi?

Hivi hasa, hapana. Uzito upo, hata hivyo: wasikilize Duma, waliotoa albamu yao mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Hao hawana gitaa kavu wala subira ya dakika kumi. Ni moto mtupu, na baadhi yetu hawawezi kuumaliza upande mmoja. Mimi naweza.

Mbona mnaidharau Orchid?

Hatuidharau. Ni albamu ya vijana wenye mawazo mengi kuliko muda wa studio, na rifu zimepangwa foleni, moja ikiisha inaingia nyingine. Wanaopenda Morningrise, yenye nyimbo tano tu na mmoja wao ukipita dakika 20, watasema kasoro hiyo hiyo ndiyo raha yenyewe, na kuna siku nakubaliana nao. Ukifika Orchid, usiruke Silhouette. Ni piano tupu, na anayepiga ni Anders Nordin, mpiga ngoma wao wa wakati huo.